Uraibu Usioshirikiwa Hufa na Mwenyewe

Neno uraibu, tunalolitumia madarasani kwa maana ya jambo alipendalo mtu na kulifanya katika saa zake za mapumziko, lina asili ya kupendeza. Wazee wa pwani walipolitaja neno hili, hawakuwa na maana ya kukusanya stempu wala kusoma riwaya. Walikuwa wakizungumzia tambuu, tumbaku na vitu vingine vya jinsi hiyo vya kujiburudishia. Na yeyote aijuaye adabu ya tambuu anajua kwamba haitafunwi kwa kujificha. Mgeni afikapo hukaribishwa, akaketi, na kijaluba kikasogezwa mbele yake kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Kwa hivyo, tangu hapo kale, uraibu ulikuwa ni kitu cha kupokezana.

Nimelikumbuka jambo hili kwa sababu kila mwaka, nisahihishapo insha za wanafunzi, hukutana na sentensi ile ile: "Uraibu wangu ni kusoma vitabu, kusikiliza muziki na kutazama kandanda." Walimu wenzangu wanaijua sentensi hiyo kama wajuavyo majina ya watoto wao. Kisarufi haina kasoro. Lakini ukimwuliza mwandishi wake kwamba vitabu hivyo huvisoma na nani, na baada ya kuvisoma humweleza nani, atakutazama kana kwamba umemwuliza swali la somo jingine. Hajawahi kufikiri kwamba uraibu ni jambo la watu wawili au zaidi.

Maoni yangu, ambayo nitayatetea katika safu hii, ni kwamba mpenzi wa jambo fulani ana deni. Anawiwa na wenziwe walipendalo jambo hilo hilo, na anawiwa na wale watakaolipenda baada yake. Deni lenyewe ni kuyatoa ayajuayo, kwa mdomo na kwa kalamu, pamoja na makosa yake na kushindwa kwake. Asipolilipa, uraibu wake utazikwa pamoja naye, na hasara itakuwa yetu sote.

Sina budi kuanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Mnamo mwaka 1994 nilikuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya bweni huko bara. Jioni moja nilizunguka nyuma ya mabweni, nikawakuta wavulana sita wamechuchumaa. Walikuwa wamechimba vijishimo ardhini, safu mbili zilizonyooka, na wawili wao walikuwa wakicheza kwa kokoto huku wanne wakitazama. Hawakuwa wakivuta sigara, hawakuwa wakichezea pesa, na saa ya masomo ya jioni ilikuwa haijafika. Hata hivyo niliyafukia yale mashimo kwa kiatu changu, nikawapa adhabu ya kufyeka nyasi. Niliwaambia kwamba mchezo ule ni wa wazembe wasio na kazi, wale wanaoshinda chini ya miti sokoni.

Wiki chache baadaye shule yetu ilinunua seti mbili za sataranji, na mimi ndimi niliyeteuliwa kuwa mlezi wa chama cha mchezo huo. Nilisimama gwarideni nikawatangazia wanafunzi kwamba sataranji hunoa bongo na humfunza mtu kufikiri kabla ya kutenda. Wale wavulana sita walikuwa wamesimama mbele yangu. Hakuna aliyethubutu kuniuliza ni kwa nini kufikiri kwa kutumia vipande vya plastiki vilivyonunuliwa dukani ni elimu, ilhali kufikiri kwa kutumia kokoto ni uzembe. Laiti wangeniuliza, nisingekuwa na jawabu.

Jawabu nililipata miaka minne baadaye, nilipohamishiwa shule ya pwani. Njiani, kati ya shule na nyumba niliyopanga, palikuwa na baraza ambapo wazee walikutana kila siku baada ya sala ya alasiri kucheza bao la kete. Nilikuwa nikipita na kuamkia tu. Siku moja, mzee ambaye wenziwe wote walimwita Fundi aliitikia marahaba yake, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wajua bao?" Nikamjibu kwa fahari kwamba nilijua sataranji. "Vyema," akasema, akinipisha mkekani. "Basi keti ujifunze kushindwa." Nilijifunza upesi sana. Nilifungwa ningali na kete nyingi mkononi, jambo ambalo wachezaji wa bao watanielewa nikisema kuwa ni aibu, na barazani watu walicheka mpaka wakafuta machozi.

Kwa faida ya msomaji asiyelijua bao, nitalieleza kwa ufupi. Ubao wake una safu nne, na kila safu ina mashimo manane, jumla mashimo 32. Kete ni 64, na aghalabu huwa ni komwe, zile mbegu ngumu za kijivu za mti wa mkomwe. Kila mchezaji humiliki safu mbili na kete 32. Mwanzoni huweka kete kumi tu ubaoni: sita katika shimo la pekee liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayoliandamia. Zile 22 zilizobaki huwa ghalani mwake, naye huziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo. Awamu hiyo huitwa kunamua. Ghala ikiisha, huingia awamu ya mtaji, ambapo kila mmoja hucheza kwa kete zilizomo ubaoni tu. Ukitia kete katika shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalolielekea nalo lina kete, unazila za mwenzako. Lakini kula huku si kula kwa kawaida. Kete zilizoliwa hazitolewi nje ya ubao kama ilivyo katika sataranji. Unazipanda upya upande wako, moja moja, kuanzia kichwani. Ya mwisho ikiangukia penye kete nyingine, unaendelea, na mara nyingine safari moja huzunguka ubao hadi macho yakashindwa kuifuata. Anayeachwa na safu tupu ya mbele, au asiye na pa kwenda, amefungwa.

Nani atasema huu ni mchezo wa wazembe? Mtafiti kutoka Uholanzi, Alexander de Voogt, alisafiri hadi Unguja, akaketi na mafundi wa bao akawachunguza namna wanavyofikiri, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu ya umahiri wao katika Chuo Kikuu cha Leiden. Mwaka huo huo huenda mimi nilikuwa nafukia mashimo mengine. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere, ambaye hakuna awezaye kumwita mzembe, alijulikana kwa mapenzi yake ya bao. Isitoshe, mchezo huu si wa pwani peke yake. Una ndugu zake kote nchini na katika nchi jirani: ajua ya Waluo, giuthi ya Wakikuyu, enkeshui ya Wamaasai, omweso wa Waganda na igisoro ya Wanyarwanda. Katika Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, kuna safu za mashimo ya bao zilizochongwa katika mwamba wenyewe. Naam, waliyachonga katika jiwe, ili kiatu cha mwalimu wa zamu kisiweze kuyafukia.

Basi nikawa mwanafunzi wa Fundi. Kwa miaka minane nilikwenda barazani kila nilipopata nafasi, nikapanda kutoka mtu wa kuchekwa hadi mtu wa kufungwa kwa heshima. Na hapa ndipo nifikapo katika jambo linaloniuma hadi leo.

Alasiri moja ya mwaka 2003 alikuja mgeni kutoka Unguja ambaye naye alisifika kwao kwa bao. Akaketi na Fundi. Mchezo wa tatu ulipofika katikati, Fundi aliiachilia nyumba yake, iliyokuwa imejaa kete, ikaliwa yote. Tulidhani amekosea. Mmoja wetu alitoa sauti ya masikitiko. Lakini zamu mbili au tatu baadaye zile kete zilizoliwa zikawa zimemlemea mgeni mahali pasipofaa, naye Fundi akaanza kula, akala, akapanda, akala tena, hata safu ya mbele ya mgeni ikabaki tupu kama uwanja uliofagiwa. Baraza zima tulikuwa tumesimama. Mgeni aliinuka akamshika Fundi mkono, akauweka kifuani pake.

Kisha Fundi akakusanya kete zake akazitia kifukoni. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, tukaenda zetu.

Hakuna aliyeuandika mchezo ule. Mimi, mwalimu, mwenye kalamu mfukoni na daftari la maandalizi ya masomo kwapani, sikuandika hata zamu moja. Nilifikiri nitamwuliza siku nyingine anieleze alichokiona. Siku nyingine zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na udhuru wake. Mwaka 2006 Fundi alifariki. Leo nikijaribu kuupanga tena ubao ule kama ulivyokuwa alipoiachilia nyumba yake, siwezi. Nimewauliza waliokuwapo, kila mmoja anakumbuka vingine. Tunaukumbuka uso wa mgeni, na kete tumezisahau.

Linganisha na mchezo mwingine uliochezwa zaidi ya miaka 150 kabla ya huo. Mwezi Juni mwaka 1851, mabingwa wa sataranji walikuwa wamekusanyika London kwa mashindano. Katika muda wa mapumziko, wawili kati yao waliketi kucheza kwa kujifurahisha tu. Mmoja alikuwa Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka mji wa Breslau ambao leo huitwa Wrocław nchini Poland. Wa pili alikuwa Lionel Kieseritzky, aliyejipatia riziki kwa kufundisha sataranji katika mkahawa mmoja wa Paris. Anderssen alizitoa ngome zake zote mbili, kisha akamtoa malkia wake, na kwa vipande vidogo vilivyosalia akamfunga mwenzake. Mtu aweza kusema ni ndugu yake mchezo wa Fundi, wa kutoa kingi ili kupata chote.

Lakini tazama yaliyofuata. Kieseritzky, yule aliyeshindwa, hakuificha aibu yake. Alipeleka habari za mchezo huo kwa wapenzi wenzake wa Paris, na mwezi Julai mwaka ule ule ukachapishwa, hatua kwa hatua, katika jarida la sataranji la La Régence, ambalo yeye mwenyewe alikuwa mhariri wake. Uzuri wa mchezo ulimshinda nguvu kuliko uchungu wa kufungwa. Kwa sababu ya kitendo hicho, mwanafunzi wa Kericho au Kitui aweza leo kuupanga mchezo ule mezani pake, akaucheza kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, akajifunza kwa mwalimu wa hisabati aliyekufa mwaka 1879. Wapenzi wa sataranji huuita mchezo usiokufa. Haukufa kwa kuwa aliyefungwa alikuwa muungwana, naye alikuwa na kalamu.

Niseme wazi nisije nikaeleweka vibaya. Sataranji haikulishinda bao kwa akili. Iliwahi kuandikwa tu. Padri Mhispania Ruy López alichapisha kitabu cha sataranji mwaka 1561, na wapenzi wa mchezo huo wamekuwa wakiandikiana, wakipingana na kusahihishana tangu enzi hizo. Kila kizazi huanzia pale kilichotangulia kilipoishia. Sisi wapenzi wa bao, kinyume chake, huanza upya kila Fundi azikwapo. Ujuzi wetu umo vichwani, na vichwa haviishi.

Mwaka uliofuata kifo cha Fundi nilianzisha chama cha bao shuleni. Nilikuwa na wanafunzi tisa, ubao mmoja wa kuchonga, na mbao mbili tulizozifanya kwa trei za mayai. Sharti la chama lilikuwa moja: kila mchezo uandikwe. Tulikubaliana kuiita safu ya mbele A na ya nyuma B, na kuyahesabu mashimo 1 hadi 8 kutoka kushoto kwa mchezaji. Nyumba kwa hivyo ni A5. Mchezaji akicheza, karani huandika shimo alilochezea na upande alioelekea, kulia au kushoto. Ni kazi rahisi, na mtoto wa darasa la tano aiweza. Mwisho wa mchezo aliyefungwa ndiye mwenye haki ya kuandika, chini ya ukurasa, mahali anapofikiri alikosea. Haki hiyo hatukumpa mshindi. Mshindi mara nyingi hajui kwa nini ameshinda.

Shule zilipofunguliwa Januari 2008, nchi ilikuwa ingali inatokota kutokana na ghasia za baada ya uchaguzi. Wanafunzi wetu walitoka kila pembe ya Kenya, na katika ukumbi wa kulia chakula tuliona jambo ambalo hatukuwahi kuliona: meza zilikuwa zimejitenga kimakabila bila ya mtu kuamrisha. Katika chama chetu walikuwamo mvulana mmoja kutoka Nyanza aliyekuwa amefundishwa ajua na babu yake, na mwingine kutoka Murang'a aliyejua giuthi. Wiki mbili za kwanza hawakusemezana. Wiki ya tatu walibishana, na nilishukuru, kwa sababu walichobishania kilikuwa ni kanuni. Kila mmoja alidai kwamba mchezo wa kwao ndio ulio sawa na kwamba wa mwenziwe umeibwa na kuharibiwa. Niliwapa daftari moja na kalamu moja, nikawaambia kila mmoja aziandike kanuni za mwenzake, si za kwake, na mwenye mchezo azisahihishe mpaka aridhike.

Iliwachukua majuma matatu. Sidai kwamba daftari lile liliponya lolote nje ya chumba kile. Machungu ya mwaka ule hayakuwa ya kuponywa na kokoto. Ninalolijua ni kwamba mtu hawezi kuandika kanuni za mwenzake bila ya kumsikiliza, na kwamba wale vijana wawili walisikilizana katika siku ambazo watu wazima wengi tulishindwa. Daftari lenyewe ninalo hadi leo. Lina kurasa kumi na nne, na mwandiko wa kila mmoja umekatwakatwa kwa wino wa mwenziwe.

Kuna kundi jingine ambalo chama cha shule kililifaa kuliko nilivyotarajia. Barazani hapaketi wasichana. Mimi sikuwahi kumwona binti hata mmoja akikaribishwa mkekani kwa Fundi, na nakiri kwamba sikuwahi kulishangaa jambo hilo mpaka wasichana wanne wa kidato cha pili katika shule ya jirani walipoomba kuja kucheza nasi siku za Jumamosi. Mmoja wao alikuwa mjukuu wa mchezaji wa baraza lile lile. Alikuwa amejifunza kwa kuchungulia dirishani tangu utotoni, akihesabu kete kwa mbali, bila ya kugusa hata moja. Alinifunga siku ya kwanza. Nilijiuliza ni mafundi wangapi waliozeeka nyuma ya madirisha, kwa sababu tu wapenzi wa mchezo walikuwa wamejifungia mlango.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu wana mitihani, na wazazi hawakuuza ng'ombe ili watoto wakacheze komwe. Hili nalielewa, nami nimesomesha. Lakini mwanafunzi yule yule tunayemnyima saa mbili za bao kwa juma huzipoteza saa kumi kwa kuduwaa, kwa sababu akili iliyochoka haisomi hata ikifungiwa darasani. Aidha, mtoto anayetabiri safari ya kete kumi na tatu kuzunguka mashimo kumi na sita, akajua itakapoangukia ya mwisho, anafanya hesabu ambayo ubao wa darasani haujawahi kumshawishi aifanye kwa hiari yake.

Pingamizi la pili ni kamari. Watu husema michezo ya namna hii huwazoesha vijana kuweka dau. Nami nasema, tazameni simu zilizomo mifukoni mwao. Kamari imewafikia vijana wetu pasipo bao, usiku, kitandani, katika matokeo ya kandanda ya nchi wasizozijua. Huo nao huitwa uraibu siku hizi, kwa maana mbaya ya neno, na tofauti yake na uraibu ninaoutetea iko wazi. Mcheza kamari hupoteza peke yake na huficha. Mcheza bao hupoteza mbele ya watu, akachekwa, akafundishwa alipokosea, na kesho akarudi.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wapenzi wenyewe, na ndilo lizito zaidi. Kuna mafundi wasiotaka ujuzi wao uandikwe. Wanaona kwamba siri ikitoka, heshima nayo itatoka. Nimekutana nao katika bao, na nimeambiwa wamo katika kila uraibu: mfugaji njiwa asiyemwonyesha mtu jozi yake, mpenda mashairi aliyejaza madaftari sandukuni na hataki yasomwe kabla hajafa, mwalimu wa sayansi azijuaye sauti za ndege wote wa kijiji chake na hajamfundisha hata mwanafunzi mmoja. Kwao natoa mfano wa ubao wenyewe. Nyumba ni shimo la kulimbikiza. Mchezaji huruhusiwa kuilinda na kuijaza, na inapojaa hujiona tajiri. Lakini nyumba iliyojaa ndiyo mwenzako anayoilenga, na ikiliwa, huliwa yote kwa mkupuo mmoja. Fundi mwenye busara huifungua mapema, akazisambaza kete zake katika mashimo mengi, zikamlinda zikiwa zimetawanyika kuliko zilivyokuwa zimerundikana. Fundi wangu alilijua hilo ubaoni. Katika maisha sikumsaidia kulitenda, na mauti yakaila nyumba yake ikiwa imejaa.

Ninatoa rai kwa walimu wenzangu. Katika shule yako wamo wapenzi ambao hujawajua. Waulize. Na jibu likiwa ni lile la "kusoma vitabu na kusikiliza muziki", usiweke alama ya vyema ukapita; uliza na nani. Wape chumba, saa moja na daftari. Usiwapimie thamani ya uraibu wao kwa bei ya vifaa vyake, kama nilivyofanya mimi. Na iwapo kijijini au mtaani yupo mzee au bibi ajuaye jambo, mwalike shuleni angali hai, akae kwenye kiti chako, nawe ukae chini pamoja na wanafunzi. Mtaala wa sasa unajinasibu kwa umilisi na vipawa. Hebu tusiungoje utuletee kitabu cha kiada kabla ya kumwamkia jirani.

Kwenu wanafunzi, nawapa kazi ndogo ya likizo. Nendeni nyumbani mkamtafute mtu mmoja apendaye jambo mnalolipenda, awe mkubwa au mdogo kwenu. Mwombeni awafundishe kitu kimoja, nanyi mwandike. Kisha mwandike pia mahali mliposhindwa, msione haya. Mwenye kuficha ugonjwa, kilio humfichua. Na mwenye kuficha makosa yake ya mchezoni huwanyima wenziwe nusu ya somo.

Katika tamasha la utamaduni la Lamu, bao hushindaniwa pamoja na mbio za punda na za mashua, na watu husafiri mbali kwenda kutazama. Hilo ni jema. Lakini tamasha hupita, watalii wakarudi kwao, na mchezo hauwezi kuishi kwa siku chache za mwaka. Huishi kwa alasiri za kawaida, kwa watu wawili walioketi na wa tatu anayeandika.

Wale wavulana sita wa mwaka 1994 sasa ni wanaume wenye watoto. Sijui waliko. Iwapo mmoja wao anaisoma safu hii, namwomba radhi. Na iwapo angali anazikumbuka kanuni za mchezo ule niliouzika kwa kiatu, namwomba azitafutie daftari leo hii, kabla ya adhana ya magharibi, maana kesho ina udhuru wake.